Siku Tano au Wiki Tano

Hospitalini, Joni
Mwezi wa tisa

Mke wangu Mama Twilumba,

Kamwene. Nakuamkia kwanza kwa salamu ya kwetu, maana hapa nilipo wa kuniitikia ni wachache, na nikiliandika neno hilo nasikia kama umekwisha nijibu. Habari za nyumbani? Habari za baridi? Mwezi huu najua ukungu bado unalala bondeni mpaka jua lipande, na wewe unatoka na shuka mabegani kwenda kisimani, miguu imelowa umande. Twilumba amefikia wapi kwa urefu? Ule mguu wake ulioungua umepona vizuri, au bado anachechemea akitumwa na kusahau akiitwa kula?

Barua yako nimeipata. Mwandiko sikuujua. Nilidhani ni wa mtoto wa shule, zile herufi kubwakubwa zinazopanda mlima. Nilipofika mwisho nikaona, "Ni mimi mkeo nimeandika kwa mkono wangu, nimefundishwa na mama mchungaji." Nikaiweka juu ya magoti, nikaisoma tena tangu mwanzo. Miaka hii yote barua zangu zimesomwa na katekista mbele ya baba mdogo na shangazi na kila aliyekuwa anapita akasikia kuna barua kutoka Joni, huku migodini. Ndiyo sababu zilikuwa fupi. Mimi mzima, kazi njema, salamu kwa wote. Mambo ya ndani ya nguo ningeyasemaje kwa mdomo wa katekista? Sasa nitayasema. Barua hii isome peke yako. Ukikuta neno gumu usimpelekee mtu, liruke tu, ukisoma mara ya pili litakuja lenyewe.

Umenipa habari moja na kuniuliza jambo moja. Naanza na ulilouliza. Uliandika, "Watu wanasema umepotelea Joni. Kama una mwanamke mwingine niambie, niache kukulindia shamba." Mama Twilumba, mwanamke hakuna. Kuna ugonjwa.

Ulianza mwaka jana. Nikienda haja naona damu. Nikasema ni bawasiri, maana kazi ya chini ya ardhi ni ya kuchuchumaa na kusukuma, na wengi wanayo. Nikanyamaza. Nikanywa mizizi ya mganga mmoja kule kampaundi, kambini kwetu wachimbaji, chungu kuliko kwinini. Damu haikukoma. Mwili ukapungua, mkanda ule ulioninunulia nikautoboa matundu mapya mara mbili. Siku moja nikaanguka chini huko huko nikisukuma toroli la mawe. Daktari wa mgodi akanipima kwa kidole, nisamehe, lakini nimesema nitasema. Akatikisa kichwa, akaandika karatasi, nikaletwa hospitali hii ya mjini. Hapa wakaniambia ni kansa. Uvimbe uko kwenye utumbo wa mwisho kabisa, karibu na mlango wa haja kubwa, nao umeshikana na nyama za nyuma karibu na mfupa.

Yupo hapa dresa mmoja, mfunga vidonda, Mnyasa, mtu mzima, aliyekaa Mbeya zamani akajifunza Kiswahili. Ndiye anayenifasiria. Aliniambia uvimbe huu utakatwa, lakini kabla ya kisu unapigwa kwanza na mashine. Mashine yenyewe ni eksirei, ndugu wa ile iliyotupiga picha za vifua tulipoandikishwa Mbeya, ila hii ni kubwa kama dume la ng'ombe na inakaa katika chumba chenye mlango mzito. Unalala kifudifudi, watu wote wanatoka upesi wanakuacha, inavuma kidogo, basi. Haiumi. Hata joto husikii. Ndipo nilipoogopa. Kitu kisichouma kitauaje kitu?

Daktari huyu ana njia mbili. Ya kwanza ni siku tano mfululizo. Kila siku mashine inapiga kwa nguvu nyingi, na wiki inayofuata mgonjwa anakwenda kwenye kisu. Ya pili ni wiki tano. Kila siku inapiga kidogo, kidogo sana, Jumamosi na Jumapili unapumzika. Halafu wanakuacha wiki nyingine kama hizo bila kukugusa, ili uvimbe unyauke wenyewe, ndipo wakukate. Wagonjwa wengine anawapeleka njia hii, wengine ile, naye anaandika kila kitu katika kitabu apate kulinganisha.

Nikamwuliza dresa, "Yeye mwenyewe hajui ipi bora?"

"Hajui."

"Na anasema hivyo hivyo kwamba hajui?"

"Ndiyo maana nampenda," akasema dresa. "Wale wanaojua kila kitu, nimebeba sana maiti za wagonjwa wao."

Mimi nilipangiwa wiki tano. Jirani yangu wa kitanda, Ambakisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, alipangiwa siku tano, nami nilimkuta amekwisha katwa. Huyu mtu Mungu alimweka hapa nisilie. Siku niliyoletwa alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Mhehe! Jamani, mwambieni matroni amfungie mbwa wake ndani." Nikamwambia, "Mbwa wa mjini hana nyama, mla ndizi wee." Tangu siku ile tukawa ndugu. Chai tunagawana, sabuni tunagawana.

Kabla ya kuanza walinichora kiunoni na kwenye makalio kwa wino wa zambarau, misalaba minne na mstari. Mashine inalenga hapo, isije ikapiga pasipo na ugonjwa. Dresa akanionya, "Oga juu, oga chini, hapa pita mbali." Nikaingia mashineni Alhamisi, nikaingia Ijumaa.

Nikiwa nimelala pale Ijumaa nilikumbuka mianzi yetu. Unakumbuka marehemu baba alivyonifundisha kugema ulanzi? Asubuhi na jioni, unachonga ncha ya chipukizi kipande chembamba kama karatasi, unarudisha mbeta ya kukingia mahali pake, unaondoka. Leo kidogo, kesho kidogo, na mwanzi unakupa msimu mzima. Kaka hakuwa na subira. Mwaka ule wa harusi ya binamu alichonga kipande kinene kama kidole ili utoke mwingi kwa mara moja. Ukatoka kweli siku mbili, mbeta zikafurika, kaka akaimbiwa nyimbo. Siku ya tatu chipukizi limekauka, limeoza ncha, nyuki wenyewe wamelikimbia. Baba hakumpiga. Alimpa mbeta tupu akamwambia akawape wageni wake wanywe.

Nikamweleza Ambakisye kwamba naona njia yangu ni ya mwanzi. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Na mimi ni mgomba," akasema. "Mgomba huukati kidogo kidogo kama unanyoa ndevu. Panga moja tu, chini! Na mwaka ujao uje uone ulivyochipua." Dresa akampelekea daktari maneno yetu yote mawili. Daktari akajibu, "Waambie utumbo si mwanzi wala si mgomba." Lakini akakaa kitandani pangu akataka nimweleze ulanzi tena tangu mwanzo, na mbeta inafungwa vipi.

Jumamosi ile asubuhi ndipo barua yako ilipofika, na habari uliyonipa ndani yake. Mama ametutoka.

Sitaandika mengi juu ya mama, karatasi italowa. Nakushukuru kwamba ulikuwa naye. Umeandika alikuwa akiuliza kila asubuhi kama lori la kutoka Mbeya limepita. Neno hilo nalibeba.

Wewe niliyekuoa unajua nyumbani kwetu mtu hasikii kifo cha mama yake akaendelea kula na kucheka na watu kana kwamba hakuna kitu. Anakaa chini, wenzake wanakaa naye, siku ya tatu ikiisha wanamwogesha. Nikaomba ruhusa ya Jumamosi na Jumapili, nikaenda kampaundi kwa watu wa kwetu watatu, akiwemo Lutengano mtoto wa fundi seremala, unamkumbuka. Tukakaa. Wakaniimbia nyimbo za kanisani za kwetu kwa sauti ya chini. Jumatatu nilipaswa kuwa mashineni, sikwenda. Siku ya tatu haijaisha, ningeinukaje? Asubuhi ya Jumanne wakanipeleka bombani, maji baridi kama ya mtoni kwetu, Lutengano akachukua jiwe la kusugulia akaanza mgongoni kushuka.

"Hii rangi wamekupaka ya nini?" akasema. "Unamlilia mama ukiwa umepakwa kama mlango?"

Nilikuwa nalia. Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nasema kweli, nilisikia maneno yake na nilijua ni alama gani, nikamwacha asugue. Niliona haya kumwogea mama nusu mwili. Akasugua mpaka ngozi ikawa safi kabisa.

Jumatano nilirudi hospitalini. Daktari aliponifunua alitupa kalamu mezani. Akasema maneno mengi ambayo dresa hakuyafasiri yote. Mwishowe dresa akaniambia, "Anasema mlango aliouchora ameupoteza. Hawezi kubahatisha, akipiga nje ya pale atakuunguza kibofu. Anasema umekosa siku, na dawa hii haifai kurukwarukwa." Nikamwomba amweleze juu ya mama. Akamweleza. Daktari akaiokota kalamu yake. Akauliza mama alikuwa na miaka mingapi. Nikasema sijui, lakini aliiona vita ya Mjerumani akiwa na mtoto mgongoni. Akainamisha kichwa. Tangu hapo hakupandisha sauti tena.

Akasema, kwa kuwa nimeingia mara mbili tu, mambo yanaweza kutengenezwa, na safari hii nichague mwenyewe. Naweza kuhamia siku tano, nianze Jumatatu, nikatwe wiki inayofuata. Au nipumzike kidogo, wanipime na kunichora upya, nianze wiki tano tangu mwanzo. Nikamwuliza angekuwa yeye angefanyaje. Akafikiri sana. Akasema siku tano humfaa mtu ambaye uvimbe wake unacheza kwa kidole, kama wa Ambakisye, unakatwa na kutoka mzima. Wangu umeganda. Katika siku tano hautapata muda wa kunyauka, na kisu kinaweza kuacha mzizi ndani. Njia ya wiki tano huenda ikauachanisha na mfupa. Huenda. Akarudia neno hilo mara mbili, akamwambia dresa naye afasiri mara mbili.

Akanipa mpaka Ijumaa.

Mke wangu, siku zile nilikuwa natembea na wewe humu wodini. Nikichagua siku tano, mvua za kwanza zingenikuta nyumbani. Tungepanda pamoja. Ningekuwa nimewaziba midomo wanaosema nimepotea. Ningekwenda kaburini kwa mama udongo ukiwa bado umeinuka. Nikichagua wiki tano, na kupumzika kwake, na kisu, na kupona kwake, utapanda peke yako tena, utapalilia peke yako, ulanzi utaanza na kuisha, nami nitafika wakati mnavuna mahindi. Na watu watasema msimu mzima. Nilijua unavyosimama kisimani ukisikia.

Alhamisi Ambakisye aliniita kitandani kwake. Yeye amekwisha katwa, kidonda kimefunga, mwezi ujao anapanda treni kurudi kwao. Akafunua shati. Na hapa ndipo kwenye jambo gumu zaidi, kwa hiyo soma polepole. Sisi sote wawili, njia yoyote, mlango wa nyuma unashonwa kabisa. Utumbo unatolewa tumboni upande wa kushoto, unabaki tundu dogo jekundu kama mdomo, na haja inatokea hapo. Huwezi kuizuia, inakuja inapotaka. Unafunga kitambaa na mfuko, unaosha kwa maji na sabuni mara nyingi kwa siku. Ni hivyo mpaka kufa.

"Tazama, Mhehe," akaniambia, "nina mdomo wa pili, na huu hausengenyi mtu."

Nikacheka. Kisha nikamwuliza, "Mkeo umemwandikia?"

Akashusha shati. "Bado," akasema. "Hilo ndilo eksirei yangu ya pili."

 Akanimenyea chungwa.

Nilikumbuka Ubaruku. Mwaka ule tulipooana tulishuka kwenda kuvuna mpunga, unakumbuka joto lile, na mbu, na wewe mtoto wa milimani unauliza watu wa huku wanalalaje. Wiki ya pili ukaharisha mpaka ukashindwa kusimama. Nilifua kanga zako kwenye mfereji wa mpunga mchana kweupe, na wale vijana wa Kisangu wakapiga kelele, "Bwana harusi amegeuka mke!" Uliona haya ukafunika uso. Usiku ule ukaniambia niache, nimwite mwanamke yeyote afanye. Nikakwambia kanga zako ni kanga zangu. Sikuwa nasema maneno ya kukupendeza. Sikuona kinyaa kabisa. Nilishangaa mwenyewe. Sikukumbushi ili udhani ni zamu yako. Mtu hawezi kuamrishwa asione kinyaa. Nakumbuka tu, kwa sababu katika miaka yangu yote, Chunya kwenye vumbi la dhahabu na huku chini ya ardhi, sikumbuki siku niliyokuwa na furaha kama wiki ile mbaya ya Ubaruku, ulipopata nguvu ukaomba uji.

Ijumaa nilimwambia daktari wiki tano.

Sikuchagua kwa sababu ya mwanzi, ingawa Ambakisye anasema Wahehe hatuamui kitu bila ulanzi. Nilichagua kwa sababu nikirudi upesi na mzizi ndani nitakuwa nimekuletea maziko mengine, na umetoka kuzika sasa hivi. Afadhali wanichonge kidogo kidogo, unikose msimu mmoja. Utakaposoma haya nitakuwa nimekwisha anza. Wamenichora upya, na safari hii dresa amenichukulia jiwe langu la kusugulia akalifungia kabatini.

Sijui kama nitapona. Daktari hajui, nami sitajifanya ninajua.

Sasa nakuomba jambo. Juu ya lile tundu la tumboni usinijibu kwa barua. Ukiandika ndiyo nitadhani umeandika kwa huruma, ukiandika hapana sitaweza kwenda mashineni siku hiyo. Fanya hivi. Mtu atakayekuwa kama mimi anahitaji mahali pa kuogea penye sitara, asubuhi, mchana na jioni, pasipo watoto wa jirani kuchungulia. Kama moyo wako unakubali, kata matete ujenge ua nyuma ya nyumba, upande wa mianzi, weka mawe mawili bapa chini, moja la kukalia na moja la beseni. Kama haukubali, usijenge kitu. Nitakapofika nitashuka kwenye lori pale juu kanisani, na kutoka pale nyuma ya nyumba yetu panaonekana pote. Nikiona pako wazi, nitakuja kumsalimu Twilumba, nitakwenda kaburini kwa mama, kisha nitarudi Mbeya kwa kaka. Hutasikia neno baya kutoka kwangu, wala sitamwambia mtu sababu.

Nisalimie baba mdogo, mwambie kifua changu ni kizima, na hilo si uongo. Nisalimie shangazi aliyemfumba mama macho, sina cha kumlipa mkono ule. Kaka wa Mbeya akipita, mwambie nimesimulia habari za chipukizi lake kwa daktari wa Kizungu, sasa yumo kitabuni. Msalimu katekista kwa heshima, asikasirike kwamba barua imempita mlangoni. Mama mchungaji umshukuru kwa ajili yangu, hajui alichonifanyia. Na Twilumba umwambie baba yake anakunywa maziwa kila siku kama mtoto, atacheka.

Nimechoka sasa. Bakini salama.

Ni mimi mumeo,
Zakaria

Nimesahau kusema. Matete yale ya karibu na kisima ni mafupi, mtu akisimama kichwa kinaonekana. Marefu ni yale ya kule chini mtoni.